Mkwe Aliyesifu Enzi ya Mpumbu

Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, Ziwa Mweru hufungwa. Serikali hukataza uvuvi ili samaki wapate kuzaa, na Kashikishi, mji ambao siku nyingine hunuka samaki hata ndani ya kanisa, huanza kunuka udongo wa mvua. Mitumbwi hupinduliwa ufukweni. Wafanyabiashara wa Kongo hawana cha kununua, na mwaka ule wa 1999 vita vya kwao viliwapa sababu ya kutokuwa na haraka ya kurudi. Wakakaa. Na wanaume wakikaa bila kazi hubishana.

Nilikuwa nimefika Januari nikitafuta boti ya kunivusha hadi Kilwa, ile ya upande wa Kongo wa ziwa. Juma la kwanza nilihesabu siku. Juma la pili niliacha kuhesabu, nikawa naenda kila asubuhi kwenye baraza la ghala moja la samaki lililoachwa, karibu na soko, alipofanyia kazi Valère Kabamba, fundi wa nyavu aliyezaliwa Kasenga, upande wa Kongo.

Fundi wa nyavu hafumi wavu. Nyavu hufumwa na mashine mbali huko, zikaja zimebanwa kama marobota ya mitumba. Kazi yake ni kuupa wavu mwili: kamba ya juu yenye vielea alivyovikata kutoka kwenye malapa yaliyochakaa, kamba ya chini yenye vipande vya risasi, na katikati yake macho ya wavu yakusanywe kwa hesabu, mawili yabanwe, moja liachwe. Ukikosea hesabu wavu unaning'inia kama shuka na samaki anaupita bila haraka. Valère alikuwa na miaka sitini na miwili na hakuwa anaangalia tena anachofanya. Vidole vilihesabu, mdomo ukabaki huru kwa mambo mengine.

Mambo mengine yalikuwa historia. Pwani ile watu wengi hawahesabu nyakati kwa namba, wanahesabu kwa samaki. Kulikuwa na wakati wa mpumbu, samaki mkubwa mwenye mayai mengi, ambaye msimu wa mvua alipanda mto Luapula kwa wingi usioaminika, mpaka miaka ya arobaini ilipokwisha naye akaisha. Ukafuata wakati wa mapale, samaki mpana wa kukaanga. Kisha ukaja wakati wa chisense, dagaa wadogo kama kidole cha mtoto, na huo ndio waliokuwa nao. Mama akikuambia mwanawe alizaliwa mapale yalipoanza kupungua, amekuambia mwaka.

Ubishi wa baraza ulikuwa mmoja tu, miaka nenda miaka rudi: wakati gani ulikuwa mkubwa kuliko yote? Na ulikuwa na sheria yake. Haitoshi kusifu wakati wako. Lazima utupe chini nyakati nyingine zote, na usiionee huruma hata nyumba yako mwenyewe. Asiyeweza kujitupa chini hana haki ya kushinda.

Mpinzani mkuu wa Valère alikuwa Chisenga, karani mstaafu wa ofisi ya halmashauri pale Nchelenge, mwembamba, mwenye koti la mvua alilolivaa hata jua likiwaka. Yeye alisimama na wakati wa Kaunda, rais wa kwanza baada ya uhuru. Ndiye pia aliyekuwa mshenga wa Valère, mwaka wa 1968, kwa sababu alizaliwa Kafutuma, kijiji kimoja na mchumba. Kwa hiyo walikuwa wakiitana mulamu, yaani shemeji, na kutukanana kwa raha zote.

"Mulamu, ile mpumbu yako ilifungua shule ngapi?" Chisenga aliuliza siku moja ya Jumanne, mvua ikipiga mabati na baraza limejaa watu waliokimbia kulowa. "Kaunda alinipa kitabu, alinipa kalamu, alinipa viatu. Mpumbu ilikupa nini? Tumbo."

"Tumbo, ndiyo," Valère alisema. "Na bile biatu biko wapi leo? Tumbo ingali hapa."

Watu wakacheka. Guy, mfanyabiashara kijana wa Lubumbashi aliyeleta mafuta ya mawese na kukwama kama mimi, akajitosa. "Bazee, munasahau Zaire. Ile wakati muziki ya kwetu ilikuwa inachezwa mpaka Dakar. Baba yangu alikuwa anatembea mu mutaa batu banafungua dirisha."

"Ulikuwa na miaka ngapi?" Valère aliuliza.

"Mbili."

"Bon. Ulikuwa unakula udongo. Nyamaza."

Guy akanigeukia mimi. "Na weye wa Kiswahili ya Biblia, unasema nini?" Nikasema mimi mpita njia. Chisenga akasema mpita njia ndiye aliyeshiba kuliko wote, anakula kila mahali na haoshi sahani.

Ndipo Valère alipoweka sindano yake ya mbao chini. Hakuwa anafanya hivyo mara nyingi. Alisema taratibu, macho yake yakiwa kwenye mvua.

"Mulikuwa kule? Hamukuwa. Mimi nilikuwa, ku Kasenga, mutoto wa miaka munane. Mvua ilikuwa inaanguka kama hii, na mpumbu inapanda muto mpaka maji inakuwa nyeusi. Tulikuwa tunakamata na bitunga. Mama yangu alikuwa anapasua, anatoa mayai, anatia chumvi, mikono yake inang'aa mpaka hapa kwa kiwiko. Nililala nimeshiba, sikuwaza mutu. Yote yenye ilifuata, uhuru yenu, Zaire yenu, ile nyumba yangu, hii miaka yangu makumi tatu ya huku, yote ni maganda ya muhogo. Mutu anakula muhogo. Nani anaangalia maganda?"

Baraza likapiga makofi. Hata Chisenga alitikisa kichwa, kama mtu anayemwona mwenzake amepiga mpira mzuri. Valère akachukua sindano yake. Nilimwona akitabasamu peke yake juu ya wavu.

Pembeni mwa baraza alikuwapo Taonga, binti wa dada yake mkewe Valère, aliyekuwa ametumwa sokoni kununua chumvi na mafuta. Alingoja mvua ipungue, akafunga chumvi yake ndani ya nailoni, akapanda baiskeli kuelekea Kafutuma.

Hapa lazima niseme Jumamosi ya juma lile ilikuwa siku gani.

Watu wa upande ule wana desturi ya kumwingiza mkwe. Mwanamume akioa, anaweza kulea watoto, kulima shamba la wakwe, kuzika wafu wao, lakini nyumba ya mama mkwe haiingii wala uso wa mama mkwe hautazami. Akikutana naye njiani huingia majanini na kugeukia mihogo mpaka apite. Siku ndugu wa mke wakiridhika naye, humpikia. Humletea vyungu vilivyofunikwa, humwonyesha kimoja kimoja, kisha humpitisha mlangoni. Tangu siku ile ni mtoto wa nyumba. Wengine huingizwa baada ya miaka mitano. Wengine kumi.

Valère alikuwa amengoja miaka thelathini na mmoja. Mjomba wa mkewe, mzee Kasonde, alikuwa amesema hatapika kuku kwa ajili ya mtu wa ng'ambo ya ziwa ambaye kesho atarudi kwao. Kesho haikufika, na Kasonde hakubadilisha neno mpaka alipokufa mwaka wa 1996. Baada ya hapo kukawa na misiba mingine, na mwaka wa njaa. Katika miaka yote hiyo Valère alikuwa akimjua mama mkwe wake, bibi Eneless, kwa kikohozi chake na kwa visigino vyake, maana hivyo ndivyo anavyoviona mtu aliyeinama kando ya njia. "Bisigino biake ninabijua vizuri," aliniambia. "Cha kushoto kimepasuka."

Sasa bibi Eneless alikuwa na miaka themanini na kitu na macho yake yalikuwa yakifunikwa na ukungu. Jicho moja lilikuwa limekwisha. Mwezi wa Desemba alimwita bintiye akamwambia kwamba anataka kumwona mkwe wake akiwa bado ana jicho la kumwonea, na kwamba akifa kabla ya hapo, Valère atakaa msibani kwake pamoja na wageni, nje ya uzio. Siku ikapangwa. Mkewe Valère, Rosaria, alikuwa ametangulia Kafutuma tangu Jumapili kupika.

Rosaria nilikuwa nimemwona mara chache tu. Mwanamke wa miaka hamsini, mpana wa mabega, mnyamaji. Alikuwa akiuza mihogo mikavu sokoni. Alijifunza Kiswahili ili aolewe, kwa sababu Valère hakuwahi kukijua Kibemba sawasawa. Na Kiswahili alichojifunza kilikuwa kile cha biashara, cha leta na peleka, kubwa na ndogo, bado na tayari. Ndani ya maneno hayo machache walizaa watoto wanne. Wawili walikufa kwa surua katika mwezi mmoja. Mmoja, wa mwisho kuzaliwa, yuko Kitwe. Mwingine, Ennie, ni muuguzi Mansa.

Alhamisi Chisenga alikuja barazani mapema, koti limeloa, hakutukana mtu.

"Mulamu, kuku bamefunguliwa."

Valère aliendelea kuhesabu macho. "Kuku gani?"

"Ba sherehe. Bana Ennie, mke yako, alikata kamba za miguu, bamerudi mu shamba. Moto umezimwa. Taonga alisema yote yenye ulisema hapa. Bana Ennie anauliza hivi: kama miaka yake ni maganda, mama yake anapikia nani?"

Vidole vya Valère vilisimama katikati ya jicho. Akaanza kufungua alichofunga, nikaona alikuwa amekosea hesabu kwa urefu wa mkono mzima.

"Ilikuwa ubishi," alisema mwishowe.

"Mi najua. Mimi nilipiga makofi."

"Kila mutu anajua ubishi ya hapa. Lazima kutupa chini."

"Yeye hapana wa hapa. Yeye ni wa ile nyumba yenye ulitupa."

Ijumaa asubuhi tulikwenda Kafutuma kwa baiskeli, wanne: Valère na mshenga wake, kwa sababu mkwe hawezi kusema na nyumba bila mshenga, Guy, kwa sababu alikuwa ameahidiwa kuku, na mimi. Njia ilikuwa tope jekundu, tukazibeba baiskeli mara nyingi kuliko zilivyotubeba. Valère alikuwa amefunga nyuma ya baiskeli yake blanketi jipya la mama mkwe ndani ya mfuko wa mbolea. Mara mbili alisimama kuupapasa, kama mtu anayeogopa kwamba umeloa. Haukuwa umeloa.

Tulikaa kwenye kibanda cha jikoni kisicho na ukuta, mahali wageni wanapokaa, hatua ishirini kutoka kwenye nyumba ya bibi Eneless. Majivu ya mafiga yalikuwa baridi. Kuku walikuwa wakitembea katikati yetu kwa dharau. Valère aligeuza kigoda akakaa kuupa mlango mgongo, jinsi inavyompasa mkwe, na Chisenga akaanza kazi ya kwenda na kurudi.

Alikwenda na salamu na msamaha. Akarudi.

"Anasema amesikia."

"Njo yote? Hakuna ingine?"

"Njo yote."

Alikwenda tena. Akarudi amekuna kidevu. "Mulamu, sikia shauri langu. Sema tu mpumbu imeshindwa. Sema Kaunda alishinda, au sema ndoa yako ilishinda, tukule, turudi ku mji kabla ya mvua."

"Nikisema uongo atajua. Ananijua."

"Mwanamume mwenye njaa anaruhusiwa uongo," Guy alisema.

"Weye ulikuja juu ya kuku tu," Valère alisema.

"Sikukataa."

Safari ya tatu Chisenga alikaa ndani muda mrefu. Tulisikia sauti ya Rosaria, chini, kwa Kibemba, na kikohozi cha bibi. Aliporudi aliketi kwanza, kisha akasema kwa uangalifu, kama karani anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Anasema hivi. Usimubembeleze. Usiseme miaka yake ilipita ile ya mpumbu, yeye pia anajua mpumbu ilikuwa mingi. Mama yake alimuambia. Anasema miaka yote akipita pale baraza na mihogo ku kichwa anakusikia unasifu mama yako, unasifu Kasenga, unasifu hata bale bazungu ba kununua samaki. Yeye hajasikia siku moja ya kwake. Anataka siku moja. Moja tu, yenye usingeitupa. Useme hapa, mbele ya hawa bantu bako ba baraza. Kama haiko, ni sawa, mutakula na mutarudi, lakini mama yake hatakuingiza."

Valère aliinamisha kichwa. Mvua ya rasharasha ilianza.

"Sema siku ya ndoa," Guy alinong'ona.

"Siku ya ndoa nilikuwa na malaria. Sikumbuke kitu."

"Kuzaliwa kwa Ennie."

"Nilikuwa Pweto."

"Alor, siku yoyote, muzee. Nani atajua?"

Valère alikuwa akisugua kidole gumba chake kwenye kile cha shahada, kama mtu anayepitisha uzi. Nilifikiri hatasema, na nadhani hata Chisenga alifikiri hivyo, maana alianza kufunga koti lake. Kisha Valère alisema, si kwa mshenga wake, bali kwa sauti ya kufika nyumbani, mgongo wake bado umeelekea mlango.

"Ni mwaka wenye batoto babili balikufa. Ennie alibaki. Alikuwa na mwaka moja na nusu, na ile ugonjwa ilimuacha miguu kama nyuzi, alikuwa anakaa tu, hatembei. Mama yake hakuwa anasema. Alikuwa anapika, anaosha, hasemi. Mimi nilikuwa na wavu ya tajiri moja wa Kasenga, wavu kubwa, na mvua haikuacha, singeweza kufanya kazi inje. Basi niliutundika mu nyumba. Nilifunga kamba ya juu ku miti ya paa, ukuta mpaka ukuta, ukajaa nyumba yote. Tulikuwa tunaishi ndani yake. Mama Ennie alikuwa anainama kupita na chungu, anakamatwa kichwa, ninamufungua. Tulikuwa kama samaki."

Guy alianza kucheka, akaacha.

"Siku moja mutoto alishika jicho ya wavu, akajivuta. Akasimama. Akashika jicho ingine. Akaenda hivi, jicho na jicho, mpaka ku ukuta, akarudi. Wavu unamubeba, hawezi kuanguka. Mama yake alikuwa anapepeta unga. Aliacha kupepeta. Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tuzike."

Akauvuta mfuko wa blanketi mbali na mvua, akaendelea.

"Nilimaliza ule wavu. Kama ni kazi, ilikwisha. Lakini nikiushusha, mutoto atashika nini? Basi asubuhi nilikuwa ninafungua mafundo yenye nilifunga jana, ninafunga tena. Tajiri alituma mutu mara mbili. Nilisema mvua. Nilifanya hivyo siku kumi na mbili, mpaka Ennie aliacha wavu na kuja kwangu na miguu yake. Ile kazi nilifanya vibaya, nyuzi zilikuwa zimechakaa. Tajiri hakunipa tena kazi." Alipangusa uso kwa kiganja; mvua ilikuwa inamfikia pale alipokaa. "Sikusema ku baraza kwa sababu haina samaki ndani. Kule tunabishana juu ya samaki. Mpumbu ilikuwa wakati mukubwa, sigeuzi. Lakini zile siku singetupa. Njo hiyo."

Chisenga alisimama kwenda kulipeleka neno, akakumbuka kwamba limekwisha kufika, akakaa tena. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye nyasi za paa.

Halafu Taonga akatoka mbio, akapita mbele yetu bila kututazama, akamfukuza jogoo mwekundu mpaka kwenye mihogo. Tulimsikia jogoo akipiga kelele. Guy akashusha pumzi.

Tulilala kwa ndugu wa Chisenga, na Jumamosi adhuhuri ikafanyika kama ilivyopangwa. Wanawake walikuja kutoka nyuma ya nyumba wakiwa na vyungu vichwani, wakiimba, wakapiga magoti mbele ya mkeka wa Valère. Walifunua kimoja kimoja na kukitaja: kuku mzima na firigisi yake, sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa karanga, maharage, uyoga, mapale makavu yaliyofichwa tangu Novemba. Rosaria alikuwa wa mwisho na alibeba bukari, ugali wa muhogo. Alikiweka chungu chini, akakifunua, hakutaja kilichomo, akarudi nyuma. Valère alikuwa amevaa shati la Chisenga. Lilimbana.

Kisha walimshika mikono, mmoja huku na mmoja huku, wakampitisha mlangoni. Mshenga anaruhusiwa kufuata, na mgeni hakukatazwa, kwa hiyo tuliinama nyuma yake.

Bibi Eneless alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na dirisha, mdogo kuliko kikohozi chake. Valère alipiga magoti na bado hakujua aweke wapi macho. Yule bibi alinyoosha mikono, akamshika uso pande zote mbili, akausogeza kwenye mwanga, karibu kabisa na jicho lake zuri. Alimtazama hivyo mpaka nikaona aibu ya kuwepo. Kisha akasema jambo kwa Kibemba, na Chisenga akacheka kwa sauti.

"Anasema alifikiri uko na pua kubwa kuliko hii."

Bibi alikuwa hajamaliza. Alikuwa na swali. Aliuliza kwamba yale mayai ya mpumbu, kwao Kasenga waliyakausha kwa jua au kwa moshi?

Valère alilijibu mwenyewe, kwa Kibemba chake kibovu, akipotea na kurudi. Kwa jua, mayo, yaani mama. Juu ya mikeka. Bibi alitikisa kichwa kwa masikitiko. Kwa moshi, alisema. Ya jua yanaoza katikati. Wakaanza. Bibi aliuliza kuhusu chumvi, iliyotoka wapi. Kisha akamweleza jinsi walivyosimama mtoni hadi kiunoni, wasichana, na samaki wakiwagonga mapaja, na kwamba tangu wakati ule hajashiba vile. Watoto wake hawamwamini. Kila akisema, wanafikiri ni uzee. Alimwambia mkwe wake kwamba wamebaki wawili tu katika nyumba hii walioona maji yakiwa meusi, na amengoja miaka thelathini na mmoja mtu wa kuzungumza naye, na mtu huyo alikuwa anaingia kwenye mihogo kila akimwona.

"Mulamu," Chisenga alisema, "mama mkwe yako anasimama na mpumbu. Mimi nimebaki pekee yangu."

Vyungu viliingizwa, na Rosaria alikuwa ameingia na beseni la maji ya kunawa. Alipiga magoti kando ya mumewe, akamwagia maji mikononi, na alisema kwa Kiswahili chao, chini, ingawa chumba kilikuwa kidogo na wote tulisikia.

"Kumi na saba."

"Nini?"

"Siku. Hapana kumi na mbili. Kumi na saba."

Mikono ya Valère ilibaki hewani ikichuruzika. "Ulikuwa unajua?"

"Kila asubuhi wewe nafungua, wewe nafunga. Mimi iko macho." Alichukua kitambaa, akamfuta kidole kimoja kimoja. "Mimi nafikiri wewe nasahau."

"Ilikuwa kumi na mbili, mama Ennie."

"Kumi na saba. Mimi nahesabu."

"Kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu ilikuwa soko, nilienda na Ennie mu mabega."

"Soko ilikuwa baadaye."

Bibi Eneless alivuta koti la Chisenga na kuuliza wanasema nini. Chisenga alifikiri kidogo, akamwambia kwamba wanabishana juu ya hesabu. Bibi akasema basi wabishane wakila, bukari inapoa, na akaanza kupapasa mkeka akitafuta chungu cha bukari, ili amkatie mkwe wake tonge la kwanza.